Tunamchangia Mtu au Tunaichangia Picha?

Zamani kidogo, kijana akijulikana mtaani kuwa anajua kupanga maneno, kazi yake ilikuwa moja: kuwaandikia wenzake barua za mapenzi. Kaka zetu wametuhadithia. Walilipwa soda, au sigara, au ahsante tu. Siku hizi barua za mapenzi zimekwisha, lakini mwandishi wa mtaa hajakosa kazi. Anaandika matangazo ya mchango. Mimi hapa Morogoro, mji kasoro bahari, nimekwisha kuandika matangazo mengi kuliko hadithi zangu zote zilizopata kuchapishwa. Nimeandika ya misiba, ya ada za shule, ya jezi za timu ya mtaa, ya paa la msikiti na ya viti vya kanisa. Mengi zaidi nimeandika ya wagonjwa.

Na karibu kila anayenijia na habari ya mgonjwa ananipa agizo lile lile: "Bwana mwandishi, andika kitu kitakachowaliza watu. Halafu chini tubandike picha."

Agizo hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu leo. Maana nimejiuliza, na nawauliza na ninyi wenzangu mnaoandika: mtu akiwaomba watu wengi wamsaidie, anadaiwa nini na watu hao? Anadaiwa shukrani? Anadaiwa ukweli? Anadaiwa machozi? Anadaiwa aonyeshe kidonda chake? Jamani, tuseme ukweli. Swali hili si la watu wa hospitali na mashirika peke yao. Ni letu sisi wenye kalamu, kwa sababu sisi ndio tunaoitwa kuja kulipamba ombi.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kiswahili chetu kina sadaka na kina mchango, na hivi viwili si ndugu wa tumbo moja. Sadaka inatoka kwa mwenye nacho inakwenda kwa asiye nacho, na mtoaji anangoja malipo kwa Mungu. Mchango ni wa watu waliosimama usawa mmoja. Leo naweka kwako, kesho unaweka kwangu. Ndani ya mchango mna deni, lakini ni deni lisilo na aibu, kwa sababu kila mtu analo.

Mtaani kwetu Mwembesongo tuna chama cha kufa na kuzikana, kama mitaa mingine yote ya nchi hii. Chombo chake kikubwa ni kaunta buku. Ndani yake mna safu ya majina, safu ya fedha zilizotolewa, na safu ya ahadi. Baada ya maziko, katibu anasimama mbele ya watu waliokaa mikekani anasoma: zimeingia kiasi hiki, sanda kiasi hiki, mchele na sukari kiasi hiki, gari kiasi hiki, zimebaki kiasi hiki, anakabidhiwa mfiwa. Watu wanaitikia, wanakunywa chai, wanaondoka. Sijapata kuona katika kaunta buku lile mahali palipoandikwa mfiwa alilia kwa sauti gani.

Tena hebu mwangalie bwana harusi. Yeye haombi kwa machozi. Anaunda kamati, anachapisha kadi zinazong'aa, anapanga kiwango cha mtu mmoja na kiwango cha mtu na mwenzi wake, na mweka hazina anakupigia simu asubuhi na mapema kukukumbusha ahadi. Watu tunanung'unika, lakini tunatoa laki nzima ili tukale pilau. Mgonjwa, ambaye anataka buku mbili mbili tu, ndiye anayeambiwa alie kwanza. Hili mnalionaje?

Sisemi kwamba ya zamani yote yalikuwa mazuri. Wazee wa huku Uluguru wanasimulia kazi za ujima, watu wa ukoo na majirani wakilimiana mashamba kwa zamu. Lakini wanasimulia pia miaka ya 1950, serikali ya mkoloni ilipotaka matuta yalimwe milimani kwa amri, watu watake wasitake. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, na mpango ule ukafa. Mwaka ule ule wa 1955, wanachama na marafiki wa TANU walichanga nauli ya Mwalimu Nyerere kwenda New York kusema kwenye Umoja wa Mataifa. Hapo amri ya mkoloni ilishindwa, na hapa hiari ikampandisha mtu ndege. Hata juzijuzi, Januari 2018, Rais Magufuli alipopiga marufuku michango ya lazima mashuleni, kisa kilikuwa hicho hicho: watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya kitu kilichoitwa mchango wakati kilikuwa kodi. Kwa hiyo hiari ni sharti la kwanza. Na mimi nadhani kumbana mtu kwa picha ya kutisha hadi moyo umsute ni namna nyingine ya kumnyang'anya hiari, ingawa hakuna mgambo mlangoni.

Basi picha zimetoka wapi? Zimekuja na simu. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na makampuni mengine ya simu yakafuata. Mchango ukapata miguu. Fedha iliyokuwa ikingoja gari la Kinole, na wakati wa masika gari lenyewe linakwama kwenye utelezi, sasa inapanda mlima kwa dakika moja. Halafu yakaja magrupu. Mtu wa Mgeta anaombewa na mtu aliyesoma naye, aliye na rafiki Muscat, aliye na shemeji Toronto. Jambo jema sana hili. Ombi limevuka mtaa.

Lakini lilipovuka mtaa, kaunta buku lilibaki nyuma. Anayeombwa hamjui anayeomba. Na katikati yao wamejaa matapeli. Nani kati yetu hajapata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Mtoaji akawa na wasiwasi, na wasiwasi wake ni wa haki. Akataka ushahidi. Ndipo picha ikaingia kukaa mahali pa daftari: mgonjwa kitandani, mipira puani, shuka limefunuliwa, kidonda wazi.

Sasa tufikiri pamoja. Picha ile inathibitisha nini? Inathibitisha kwamba mahali fulani kuna mtu mgonjwa. Haithibitishi kwamba mwenye namba ya simu anamjua mtu huyo. Haithibitishi kwamba fedha itafika hospitali. Tapeli anaweza kuichukua picha ya mgonjwa wa kweli akaweka chini yake namba yake mwenyewe. Kwa hiyo picha ni ushahidi dhaifu kuliko risiti yenye mhuri. Na kama ni ushahidi dhaifu, kwa nini tunaidai? Nimeona kwamba tunaidai kama bei. Mtoaji anatoa elfu tano, na mwombaji anatoa sitara yake. Wamelipana.

Mwaka juzi alinijia mama mmoja anayeleta ndizi na nanasi sokoni kutoka Kinole. Binti yake wa miaka 15 alikuwa na uvimbe tumboni, na tumbo lilikuwa limekua. Hospitali walishamwambia upasuaji pamoja na vipimo na dawa ni shilingi 1,400,000. Yeye alikuwa na 500,000, baada ya kuuza mbuzi na kukopa kwenye kikoba. Nikamwuliza, kama ninavyowauliza wote, kama anataka kuweka picha.

"Andika jina langu, baba," akasema. "Andika ninakouzia, andika na deni. Mwanangu usimweke."

Nikamwambia, mama, watu wengi siku hizi hawaamini bila kuona.

"Wataona tumbo, watasema mimba. Mwanangu atapona, inshallah. Hiyo picha itapona lini?"

Sikuwa na jibu. Binti wa miaka 15, tumbo mbele, kwenye simu za watu elfu. Atakapopona atarudi shule, na picha itakuwa imemtangulia darasani. Ataolewa, na picha itakuwepo kwenye simu ya shangazi wa mume.

Basi tuliandika hivi: jina la mama na sehemu yake sokoni. Jumla inayotakiwa, alizonazo, zinazopungua, yaani 900,000. Namba moja tu ya simu, na jina litakalotokea mtu akituma. Mweka hazina ni mtu wa chama chetu, si mama wala si mimi. Kila jioni jumla itatangazwa. Risiti zitaonyeshwa na jina la mgonjwa limefunikwa. Hakukuwa na neno "nalia" wala "naomba kwa magoti".

Nitasema matokeo kama yalivyokuwa, maana makala ya maadili isiyotaka kusema hasara zake ni mahubiri tu. Siku tatu za kwanza zilipatikana 310,000. Siku hizo hizo, katika grupu lile lile, familia nyingine iliweka picha ya mtoto aliyeungua, na ikapata zaidi ya milioni mbili. Watu wakatuambia, "Wekeni picha nyie, acheni kuringa." Mama akakataa. Tukachukua kaunta buku tukazunguka sokoni, meza kwa meza, wauza nyanya, wauza dagaa, wabeba mizigo. Siku ya 19 ikatimia. Zilipatikana 946,000. Upasuaji ulifanyika. Shilingi 46,000 zilizobaki wachangiaji walikubali ziwekwe kwa ajili ya atakayefuata, na zilikwenda. Binti yuko shule, na shuleni anajulikana kwa hesabati.

Siku 19 ni nyingi kwa mgonjwa. Uvimbe ule ungekuwa wa kukimbia, leo ningekuwa naandika makala nyingine. Najua. Kwa hiyo mwenye kusema "picha inaokoa maisha" hasemi uongo, na mimi simlaumu mzazi anayeiweka. Mzazi ambaye mtoto wake anakata roho ataweka chochote. Ninaowalaumu ni sisi tunaongoja picha ndipo tufungue mkono.

Maana picha ina ubaya wa pili, mkubwa kuliko wa kwanza: inachagua. Mtoto mzuri wa sura anamshinda mzee. Ajali inaishinda kifua kikuu. Ini la mlevi halichangiwi kabisa. Picha inataka mtu asiye na hatia, anayetazama kamera kwa macho makubwa. Asiyefanana hivyo, basi tena.

Sisi watu wa Morogoro tulipewa mtihani huu hadharani. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, karibu na stendi kuu ya mabasi. Watu wakakimbilia na madumu na ndoo kuteka petroli iliyokuwa ikimwagika. Bodaboda walikuwa wengi. Moto ukalipuka. Waliokufa papo hapo na waliofia hospitali siku zilizofuata, jumla yao walizidi 100. Kesho yake wengi walizikwa katika makaburi ya Kola. Majeruhi walikimbizwa Muhimbili, na nchi ikatangaziwa siku tatu za maombolezo.

Huo ulikuwa msiba wa taifa. Lakini vijiweni, jamani, nilisikia mengine. "Mimi sitoi hata jero. Wamejitakia. Walikwenda kuiba." Na aliyesema hivyo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuuliza swali la picha: huyu anastahili?

Tumfanyie hesabu aliyekwenda na dumu. Dumu la lita tano za petroli wakati ule lilikuwa kama shilingi elfu kumi hivi. Kijana wa bodaboda asiye na pikipiki yake anadaiwa kila jioni hesabu ya bosi, apate abiria asipate. Dumu lile lilikuwa hesabu ya siku yake. Kuteka mafuta ya mtu mwingine ni kosa, sikatai. Lakini adhabu ya dumu la mafuta haijapata kuwa kuungua, wala adhabu ya mama wa kijana aliyeungua haijapata kuwa kukosa rambirambi. Mama hakubeba dumu. Mjane hakubeba dumu. Mtoto aliyekuwa anangoja unga hakubeba dumu.

Hapa ndipo nilipoona hekima ya kaunta buku. Lile lina safu ya jina, safu ya fedha na safu ya ahadi. Halina safu ya kuuliza marehemu alikuwa na tabia gani. Katika chama chetu tumezika shehe, tumezika mchungaji, na tumezika mtu aliyepigwa na watu kwa wizi wa kuku. Wote walipata sanda ya bei moja. Sababu si kwamba hatujui mema na mabaya. Sababu ni kwamba anayechangiwa ni mwenzetu, na mwenzako hupewi kwa mtihani.

Mtu ataniuliza: basi mtoaji hana haki yoyote, atoe kama kipofu? Hapana. Mtoaji ana haki kubwa sana, ila tumempa isiyo yake. Tumempa haki ya kutazama mwili wa mgonjwa, tukamnyima haki ya kutazama hesabu.

Chukua mfano wa Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lilibomoa nyumba nyingi Bukoba na sehemu za jirani, na likaua watu. Picha zilienea, watu wakachanga ndani na nje ya nchi. Kabla mwezi haujaisha, baadhi ya viongozi wa huko waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti ya pili yenye jina la kufanana na ile ya maafa. Halafu Januari 2017 Rais alipokwenda Bukoba aliwaambia watu kwamba serikali haitamjengea mtu mmoja mmoja nyumba, na misaada ikaelekezwa kwenye shule na majengo mengine ya umma. Shule nayo ni hitaji, tena hitaji kubwa. Lakini aliyetoa baada ya kuona picha ya bibi amesimama mbele ya nyumba iliyoanguka ana haki ya kuuliza: bibi yuko wapi katika hesabu? Picha ilisema hivi, daftari likasema vile. Picha zilikuwa nyingi mno, na bado hazikuweza kulinda hata shilingi moja.

Upande wa pili, jirani zetu Wakenya. Juni 2024 vijana walipoandamana kupinga muswada wa fedha, wengine waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Mwanahabari Hanifa Adan aliitisha mchango kupitia M-Changa, mtandao wa Kenya wa kuchangishana, na mamilioni ya shilingi yakaingia kutoka kwa watu ambao wengi wao hawajapata kumwona ana kwa ana. Maneno ya kumtilia shaka hayakukosekana. Jibu lake lilikuwa kuweka hadharani hesabu ya jinsi fedha zilivyogawanywa kwa wafiwa na majeruhi. Wale ni vijana kama sisi, wenye simu kama zetu. Walichofanya ni kulirudisha kaunta buku kwenye simu. Kumbe inawezekana.

Tena tusisahau kwamba mgonjwa hakupaswa kuomba hivyo tangu mwanzo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni sheria iliyotungwa ili mtu mwenye uvimbe atibiwe bila kwenda kugonga simu za watu. Kila tangazo la mchango tunaloandika ni ripoti pia, inayosema hapa pana pengo. Tukilijaza machozi matupu, watu watakumbuka machozi na kusahau pengo. Tukiandika gharama kwa tarakimu, vipimo kiasi gani na dawa kiasi gani, hata mtunga sheria akisoma ataelewa.

Sasa ninakuja kwetu, waandishi wenzangu. Tumefundishwa kwamba kazi yetu ni kugusa mioyo, na ni kweli. Katika hadithi nina ruhusa ya kumvua nguo mhusika wangu, kwa sababu nimemtunga mwenyewe, naye hana shule ya kurudi. Mgonjwa wa mtaani sikumtunga. Maisha yake si malighafi yangu. Nikimwandikia sentensi ya kuliza watu, sentensi hiyo ataishi nayo yeye, mimi nikiwa nimeshahamia hadithi nyingine. Ustadi wetu wa maneno ni mali, na kama mali nyingine unaweza kumnunulia mtu dawa au kumnunulia fedheha.

Mimi nimejiwekea utaratibu. Namwuliza mwenyewe mgonjwa, kama anaweza kusema, nini kisemwe. Mtoto simweki sura. Tarakimu zinatangulia, maneno yanafuata. Jina la mweka hazina linaonekana. Siku ya mwisho inatajwa, na hesabu ya mwisho inaandikwa kwa mkono ule ule ulioandika ombi, hata kama fedha hazikutosha, hata kama mgonjwa amefariki. Tangazo lisilo na hesabu ya mwisho silihesabu kuwa limekwisha. Ninayo mawili ya namna hiyo ninayoyafuatilia hadi leo, na mweka hazina mmoja ameanza kunikwepa njiani.

Nimesema nizingatie mambo niliyoyaona hapa chini ya mlima. Pengine huko kwenu Tanga, Mwanza au Mombasa mnaona vingine. Pengine yuko anayeweza kunionyesha kwamba siku 19 za mama wa Kinole ni gharama kubwa kuliko aibu ya picha, na kwamba mimi nasema hivi kwa sababu mwanangu hajaugua. Hoja hiyo inanisumbua, na sitaki kuifukuza kwa methali. Aandike. Lakini kabla hajaandika, afungue simu yake atazame matangazo aliyopuuza mwezi huu yaliyokuwa na maandishi matupu, ajiulize kama watu wale hawakuwa wagonjwa.